Mlango Kwanza, Ndoo Baadaye

Wanafunzi wenzangu wa zamani,

Kila tukutanapo, mazungumzo hayakawii kurudi kwenye mambo yale yale: uji wa asubuhi, viranja wakali, mbio za kuwahi gwaride, na mwalimu wa zamu ambaye viatu vyake havikusikika mpaka amekwisha simama nyuma yako. Safari hii Mhariri ameniomba niandike jambo la historia, kwa kuwa ndilo somo nililolifundisha kwa miaka mingi baada ya kuondoka hapa. Nimeona nianze na kitu ambacho sote tunakikumbuka, ila hakuna aliyepata kukisimulia: zile ndoo nyekundu zilizotundikwa barazani mwa kila bweni.

Ndoo zile ziliandikwa MOTO kwa rangi nyeupe, nazo zilipaswa kujaa mchanga. Katika miaka yangu minne hapa, nilichokiona ndani yake ni maganda ya karanga, vipande vya sabuni na barua zilizochanwa. Mchanga wenyewe tulikwisha kuuchota kusugulia sufuria. Wala hatukuwa watundu kuwapita vijana wengine. Hatukupata tu kuambiwa ndoo zile zinangoja nini. Nataka tuambiane leo, tukiwa watu wazima wenye watoto na wajukuu katika mabweni.

Mjini, moto ukitokea, watu huliita gari la zimamoto. Shambani mambo ni mengine. Gari liko mbali na barabara ni mbaya. Anayefika kwanza ni jirani aliyesikia ukelele, ametoka na shuka kiunoni, mkono mmoja ndoo, mkono wa pili panga la kukatia mashina ya migomba. Huyo hana sare, hana mshahara, na hakuna rejista yenye jina lake. Ndiye mzima moto wa kujitolea wa kwetu. Katika nchi nyingine watu wa namna yake wamejiunga katika vyama tangu zamani, nao wameacha kumbukumbu zinazofaa kusomwa. Nitasimulia habari za moto wa namna mbili uliotokea Marekani katika majira mamoja ya baridi, mwaka 1908, kisha turudi nyumbani.

Chama cha ndoo za ngozi

Mwaka 1735, huko Philadelphia katika koloni la Pennsylvania, mchapaji mmoja aitwaye Benjamin Franklin aliandika katika gazeti lake kuwaonya watu juu ya moto. Aliwakataza kubeba makaa yanayowaka kwenye koleo kutoka chumba hadi chumba. Sisi tuliotumwa utotoni kuomba moto kwa jirani tunaielewa hatari hiyo vizuri sana. Yale mafundisho maarufu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, ambayo watu wengi hudhani ni maneno ya waganga, Franklin aliyatumia katika maandishi hayo hayo, akizungumzia moto.

Mwaka uliofuata, 1736, yeye na jirani zake wakaanzisha chama cha kuzima moto. Kila mwanachama alitakiwa kuweka nyumbani kwake ndoo za ngozi za kubebea maji na mifuko ya kuokolea mali. Hakuna aliyelipwa. Mfano huo ulienea, na hata leo zaidi ya nusu ya wazima moto wa Marekani ni watu wa kujitolea. Huko Chile nako, tangu kikosi cha Valparaíso kilipoundwa mwaka 1851, wazima moto wamekuwa ni wa kujitolea. Nayasema haya ili msomaji asidhani kwamba kujitolea ni kazi ya ubabaishaji. Watu hao hufanya mazoezi, huwa na vyombo, na huheshimiwa na wenzao. Mambo niliyokusudia kuyasimulia hayakutokana na uvivu wao wala uoga wao.

Jioni ya Boyertown

Boyertown ni mji mdogo katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, katikati ya mashamba. Mwaka 1908 ulikuwa na watu wapatao 2,000. Mji huo ulitegemea makundi mawili ya wazima moto wa kujitolea, Keystone na Friendship, ambao walikuwa watu wenye kazi zao za kila siku, wakiacha vyombo vyao vya kazi mara kengele inapolia.

Jioni ya Jumatatu, tarehe 13 Januari 1908, waumini wa kanisa la Kilutheri la St. John's walionyesha mchezo wa kuigiza katika ukumbi ulioitwa Rhoads Opera House. Mchezo ulihusu historia ya matengenezo ya dini huko Scotland. Waigizaji walikuwa watu wa mji ule ule, wengi wao vijana na watoto. Na waliokuja kutazama walikuwa wazazi wao, shangazi zao na majirani. Ilikuwa jioni ya namna tunayoifahamu sisi tuliopaka masizi usoni na kupanda jukwaani siku za kufunga muhula, huku mama zetu wakitutafuta kwa macho.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya vyumba vya biashara. Mbele ya jukwaa ziliwashwa taa za mafuta ya taa. Katikati ya mchezo zilionyeshwa picha kwa mashine iliyotumia gesi kupata mwanga. Gesi ikatoa sauti ya kufoka, watu wakashtuka wakainuka. Waliokuwa nyuma ya pazia wakataka kujua kuna nini. Katika purukushani hiyo taa ya jukwaani ikapinduka, mafuta yakamwagika, na moto ukashika.

Watu wakaukimbilia mlango walioingilia, kama yeyote kati yetu angefanya. Mlango huo ulikuwa wa mbao mbili, na ulifunguka kwa ndani. Ubao mmoja ulikuwa umetiwa komeo. Waliofika mbele hawakuweza kuuvuta ule wa pili, kwa sababu waliokuja nyuma yao walikuwa wakiwasukuma. Ngazi za dharura zilikuwako nje ya jengo, lakini mtu alizifikia kwa kupanda dirishani, na madirisha hayo hayakuwekwa alama yoyote. Wengi walikufa hatua chache kutoka kwenye ngazi wasizojua kwamba zipo.

Waliokufa ni watu 171. Mmoja wao hakuwa ukumbini kamwe. Aliitwa John Graver, mzima moto wa kujitolea, aliyekufa akiwa njiani kuukimbilia moto. Wenzake walifika. Walikuwa na mipira ya maji, ngazi na mikono yenye nguvu. Lakini moto wa mafuta katika ukumbi kama ule hauhesabiwi kwa saa, huhesabiwa kwa dakika. Na dakika hizo zilikwisha mlangoni. Ikabaki kazi ya kuuzuia moto usienee, kisha kusaidia kuwatoa maiti. Katika mji wa watu 2,000, ni nadra mtu kubeba maiti ya mgeni.

Mwezi Mei 1909 serikali ya jimbo la Pennsylvania ilipitisha sheria juu ya kumbi za mikutano na maonyesho. Milango ifunguke kwa nje, isifungwe watu wakiwa ndani, na njia za kutokea zionekane. Ni sheria ya maneno machache. Ilichukua maisha ya watu 171 kuiandika.

Asubuhi ya Collinwood

Laiti habari za Boyertown zingesafiri upesi. Wiki saba tu baadaye, Jumatano tarehe 4 Machi 1908, moto ulizuka katika shule ya msingi ya Lake View katika kijiji cha Collinwood, pembeni mwa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Kijiji hicho kilikua kwa sababu ya karakana za reli, na watoto wengi shuleni walikuwa wa wahamiaji kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Shule ilikuwa ya matofali kwa nje, lakini ndani ngazi na sakafu zake zilikuwa za mbao. Uchunguzi uliona kwamba bomba la mvuke wa kupashia jengo joto lilikuwa limegusana na mbao chini ya ngazi za mbele.

Watoto wale hawakuwa wajinga wa moto. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kutoka kwa mistari, kengele ikilia. Siku ile kengele ililia na mistari ikapangwa. Lakini moto ulikuwa kwenye njia ya mbele. Mistari ikavunjika, watoto wakageukia mlango wa nyuma, na pale, chini ya ngazi, wa kwanza wakaanguka. Wa pili wakaanguka juu yao.

Kuna jambo hapa ambalo kwetu sisi walimu wa historia ni fundisho la pekee. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba milango ya Collinwood ilifunguka kwa ndani. Uchunguzi wa kiserikali uligundua kwamba ilifunguka kwa nje. Ila kati ya ngazi na mlango ulikuwapo ukuta wa mbao, wenye upenyo mwembamba kuliko njia yenyewe. Njia pana iliyobanwa katikati ni kama mdomo wa chupa. Mlango mzuri peke yake hautoshi, ikiwa njia ya kuufikia imezibwa.

Kijiji kilikuwa na wazima moto wa kujitolea, nao waliitika. Lakini farasi wa kuvuta gari lao walikuwa mbali, wakitumiwa katika kazi ya kutengeneza barabara. Walipofika, ngazi zao zilikuwa fupi, hazikuweza kufika ghorofa ya juu, na maji katika mipira yalikuwa hayana nguvu. Mafundi wa reli waliacha nyundo zao wakaja mbio. Akina mama walifika mlangoni, wakawashika watoto wao mikono na kuvuta, wasiweze kuwachomoa katika lile rundo. Msaada uliombwa Cleveland, ukafika wakati hapakuwa na wa kuokolewa tena.

Walikufa watoto 172, walimu wao 2, na mwokoaji 1. Jengo la reli ndilo lililogeuzwa kuwa mahali pa kulaza maiti. Watoto 19 hawakutambulika, nao walizikwa pamoja katika makaburi ya Lake View mjini Cleveland, ambako mnara wa ukumbusho umesimama. Mwaka 1910 kijiji cha Collinwood kiliunganishwa na mji wa Cleveland. Wananchi waliona kwamba kijiji peke yake hakiwezi kuwalinda watoto wao.

Maswali mawili

Baada ya msiba wa Collinwood watu walimtafuta wa kulaumiwa, wakamwona mtunza jengo, aliyesimamia pia mitambo ya joto. Ilibidi alindwe na askari. Mtu huyo ndiye aliyepiga kengele ya hatari na kwenda kufungua milango. Na kati ya watoto waliokufa walikuwamo watoto wake mwenyewe. Uchunguzi haukumwona na hatia.

Nawaomba tusiwacheke watu wale. Hata sisi, bweni likiungua, swali letu la kwanza ni hilo hilo: nani amewasha? Ni swali la haki, na polisi na mahakama hawana budi kulijibu. Lakini liko swali la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi: kwa nini walioko ndani hawakutoka?

Chukueni maswali hayo mawili mkayaweke kwenye habari nilizosimulia. La kwanza lina majibu tofauti: Boyertown ni taa ya mafuta, Collinwood ni bomba la mvuke. La pili lina jibu moja. Vyanzo vya moto ni vingi kama njia za panya, wala hakuna mwalimu mkuu awezaye kuviziba vyote. Njia za kutokea ni chache, zahesabika, na mtu mwenye nyundo anaweza kuzishughulikia kwa siku moja.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Juni 1994, katika shule ya sekondari ya Shauritanga wilayani Rombo, moto wa bweni uliwaua wasichana zaidi ya 40. Mwezi Machi 1998 huko Bombolulu, pwani ya Kenya, walikufa wasichana 26. Mwezi Machi 2001 huko Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67. Mwezi Agosti 2009 huko Idodi, Iringa, walikufa wasichana 12. Na mwezi Septemba 2024 huko Endarasha, Nyeri, walikufa wavulana 21, watoto wadogo wa shule ya msingi.

Msomaji na aziangalie sehemu hizo. Nyingi ni za shambani, mbali na makao ya magari ya zimamoto, ambako tegemeo la kwanza ni jirani na ndoo yake. Kuhusu Kyanguli, moto ulianza kwa petroli iliyomwagwa usiku, nao vijana wakaukuta mlango mmoja kati ya miwili umefungwa na madirisha yana nondo. Bombolulu vilevile mlango ulifungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Nondo hizo ziliwekwa kwa nia njema, kuwazuia wezi. Kufuli nalo liliwekwa kwa nia njema, kuwazuia wanafunzi wasitoroke. Sisi tuliowahi kutoroka kwenda dansini tunajua kwa nini walimu walipenda makufuli. Lakini jirani anayekuja mbio gizani hawezi kung'oa nondo kwa mikono, na ndoo yake ya maji haifungui kufuli.

Serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008. Unasema mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, ufunguke kwa nje, na usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Kila mwisho wa bweni uwe na mlango, na katikati uwepo mlango wa dharura. Madirisha yasiwe na nondo. Linganisheni na ile sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1909. Ni kana kwamba imeandikwa na mkono mmoja, miaka 99 baadaye. Na baada ya mwongozo huo watoto wameendelea kufa, kwa maana karatasi haifungui mlango. Hufunguliwa na mtu.

Tufanye nini sisi?

Ndugu zangu, nimesikia kwamba mchango wetu wa safari hii unapendekezwa utumike kujenga upya lango kuu, lipakwe rangi za shule na kuwekwa jina kwa herufi za chuma. Sipingi lango. Nami nimepita chini yake nikiwa na sanduku la bati kichwani, nikilia kimoyomoyo, na ningependa kuliona limependeza. Naomba tu kwamba kabla ya lango la wageni, tutazame milango ya wanafunzi.

Siku ya mkutano wetu, baada ya chakula na kabla ya hotuba, tumwombe Mwalimu Mkuu ruhusa twende mabwenini. Tusukume kila mlango kutoka ndani, tuone unaelekea wapi. Tuulize ufunguo hukaa na nani usiku, na huyo mtu hulala wapi. Tupime njia katikati ya vitanda kwa miguu yetu wenyewe, maana siku hizi vitanda vimeongezwa na masanduku yamejaa vichochoroni. Tusisahau ule ukuta wa Collinwood. Penye nondo, miongoni mwetu wamo mafundi, wahandisi na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nondo zikatwe, au zitengenezwe ziweze kufunguliwa kutoka ndani kwa mkono wa mtoto.

Kisha twende hatua moja zaidi. Wazima moto wa kujitolea wa shule hii wapo, ila hawajaambiwa. Ni wanakijiji wanaotuzunguka, wale wale waliotuuzia maandazi kupitia ukutani. Waalikwe mara moja kila muhula. Waonyeshwe milango iko wapi, maji yako wapi, na kengele ya hatari hulia namna gani. Wanafunzi wafanye mazoezi usiku, na wakati mwingine mlango wa mbele ufanywe kana kwamba unawaka, ili wajifunze kugeukia mwingine. Watoto wa Collinwood hawakupata zoezi hilo.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga katika methali hiyo ni kijinga, kipande cha kuni chenye moto. Kimoja peke yake huzimika, viwili vikiwekwa pamoja huwaka. Lakini kinga hiyo hiyo, kwa maana ya ulinzi, nayo haiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja. Jirani ana ndoo yake, mwalimu ana ufunguo wake, na sisi tuna mchango wetu.

Ndoo zile nyekundu zikiwapo bado barazani, nitakuwa wa kwanza kuzimwaga maganda ya karanga na kuzijaza mchanga. Hiyo ni fidia yangu kwa mambo ya ujana. Lakini nitazijaza baada ya kuusukuma mlango wa bweni langu la zamani na kuuona umefunguka kwa nje.

Tuonane siku ya mkutano, na atakayeweza aje na tindo na nyundo.